Mwenye Kunyamaza ni Nyama

Walisema nisingemaliza hata kiangazi kimoja porini.

Jirani yetu wa Kolwezi, mama aliyeuza mikate mbele ya nyumba yake, alinitazama nikipanda lori na mfuko wangu wa vitabu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima: "Ule? Mutoto wa kukunywa chai na maziwa? Mbuzi ya ku Sandoa itamupiga teke moja, tutasikia kilio." Watu wakacheka, na siku zile hawakuwa na mengi ya kuwachekesha. Mwalimu wangu wa hesabu, aliyenipenda, hakucheka. Alisema tu kwamba anayeingia pori na kitabu hutoka na jembe, na kwamba diploma yangu niiage.

Nawajibu wote hapa kwa utulivu. Leo nina diploma mbili, moja ya sekondari na moja ya ufundi wa umeme, na zote nimezitundika ofisini kwangu Manika, mtaa wa Kolwezi, mahali ambapo anayekuja kuomba kazi lazima azisome kabla sijamwambia akae. Niliondoka Kolwezi nimevaa mashati mawili, moja juu ya lingine, kwa sababu sikuwa na sanduku. Nilirudi na gari langu. Hakuna mjomba aliyenisukuma, hakuna mheshimiwa aliyenipigia simu. Lakini vijana wanaonipongeza hudhani kwamba mtihani mkubwa wa maisha yangu ulikuwa wa darasani. Mtihani mkubwa niliufanya ndani ya matope, kwenye msitu mdogo karibu na mto Lulua, mbele ya watu wenye pinde.

Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Baba yangu alizaliwa Kolwezi, nami nikazaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni, na maziwa hayo aliyoyasema jirani yalitoka kampuni pia. Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mishahara ilichelewa hadi watu wakaacha kuiulizia, mashine kubwa za karieri, yale machimbo ya wazi, zikasimama mahali zilipoharibikia, na njaa ilipoingia ndani ya nyumba, watu wakaanza kutafuta nani wa kulaumu. Siku moja tukaambiwa kwamba sisi ni wageni. Vijana walipita mitaani na filimbi na makopo, wakigonga milango, wakiimba. Neno la Kifaransa likaingia kinywani mwa kila mtu: warefule, waliofukuzwa. Ndilo likawa jina letu.

Treni ya kwenda Kasai haikutosha watu. Familia zililala stesheni majuma mengi, na watoto walikufa pale pale juu ya mizigo. Baba alitukusanya, akasema, "Tusikufe wote njia moja." Yeye na mama wangengoja treni. Mimi, niliyebakiza mwaka mmoja kupata diploma, ningekwenda na mume wa dada yangu. Shemeji alikuwa Mlunda, fundi wa kujenga, na kwao kulikuwa kijiji cha upande wa Sandoa. "Kule hakuna mutu atamuuliza," aliahidi. "Akikuwa na miye, ni mutoto wa kwetu."

Njiani kulikuwa na vizuizi. Kwenye cha kwanza kijana mwenye panga aliniuliza jina langu na la kijiji changu. Kabla sijafungua kinywa, shemeji alisema, "Huyu mudogo yangu, ni bubu tangu kuzaliwa." Nikawa bubu. Nilikuwa bubu katika kizuizi cha pili na cha tatu, nikala kama bubu, nikaomba maji kwa vidole. Kunyamaza kulinivusha hadi kijijini, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kunyamaza ndiyo dawa ya kila kitu.

Kijijini waliwinda kwa upinde. Baruti ilikuwa ghali na bunduki za zamani zilikuwa zimechukuliwa, kwa hiyo kiangazi kile wanaume walirudia msako wa babu zao: kufukuza. Mkuu wa msako hakuwa mzee. Alikuwa mtu wa makamo, mwendesha mashine wa karieri aliyerudi kwao mishahara ilipokatika, na bado alivaa viatu vya kampuni vyenye chuma mbele. Aliongoza uwindaji kama zamu ya mgodini. Akitaka tuanze alipaza sauti: "Posti!" Akimwona mtu amekaa chini: "Unalala? Hapa karieri, tata!"

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Wanyama hujificha mchana katika mushitu, ule msitu mzito unaoota kando ya kijito penye matope. Kundi moja, wenye pinde, hukaa mahali msitu unapobana na kuwa mwembamba, mahali waliopaita mdomo. Kundi lingine, wafukuzaji, hushika mstari upande wa pili, upepo ukiwa mgongoni mwao ili harufu yao itangulie, na kuanza kutembea polepole wakipiga vichaka na kupaza sauti. Mnyama hakimbii ovyo. Anasikiliza. Mkuu wa msako alinieleza siku ya kwanza: "Kelele haiue nyama. Kelele inamuonyesha tu pahali haiko kelele. Anaenda pale mwenyewe."

Nilikumbuka filimbi za Kolwezi. Zilikuwa zimetoka pande tatu za mtaa, na upande wa stesheni ulikuwa kimya.

Palikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wenye pinde: usipige mnyama akiwa mbele yako. Mwache akupite, ugeuke, umpige akiwa nyuma yako, maana mbele yako kuna watu. Ya pili ilikuwa ya wafukuzaji. Kila mmoja alikuwa na mto wake, maji aliyokunywa utotoni, na aliita jina la mto huo kila baada ya hatua chache, ili aliye jirani ajue yuko wapi na mwenye upinde ajue kwamba kinachotikisa majani ni mtu. Kwa mgeni waliifupisha hivi: "Mwenye kunyamaza ni nyama." Mimi niliita Lualaba. Kiangazi chote niliita Lualaba, na kwa sauti nzuri, hata wanawake waliokuwa wakiloweka mihogo kijitoni walinipa jina hilo. "Lualaba, leo umetuletea nini? Ao umeleta sauti tu?"

Nilijifunza upinde kwa kulenga kichuguu nyuma ya nyumba ya shemeji. Kaka yake alikuja kunitazama, akala karanga zake pole pole, akasema, "Mishale yako inaogopa kwenda." Nikaendelea. Vidole vilipasuka, vikapona, vikawa vigumu. Mimi si mtu wa kuachia kitu katikati, na anayetaka ushahidi aje Manika. Kabla ya nusu ya kiangazi niliomba kukaa mdomoni. Walicheka, wakakubali. Wanaume wote wa kijiji walinifukuzia, na paa mdogo aliponipita niligeuka nikampiga nyuma ya bega kwa mshale wa kwanza. Kaka wa shemeji aliacha karanga zake siku ile.

Lakini mdomo una bei. Anayekaa pale kwa mara ya kwanza amekopa miguu ya wote waliomfukuzia, na deni la miguu hulipwa kwa njia moja tu: kutembea katikati ya mstari, ndani kabisa ya mushitu, mahali pa matope na miiba, mahali ambapo mnyama aliyejeruhiwa hugeukia. Waliokukopesha hutembea pembeni, kwenye nyasi kavu, wakikucheka. Madeni yote hulipwa katika msako wa mwisho kabla ya mvua. Na mtu hawezi kuondoka kijijini nayo. Akiondoka, deni linamwangukia aliyemleta, na mke wake anaimbwa kwa dhihaka kisimani.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kuondoka. Habari ilikuwa imefika kwamba baba na mama walifika Kasai wakiwa hai, na kwamba kule shule zilikuwa zinapokea watoto wa warefule. Nilichohitaji ni kulipa miguu ya watu, nifunge mfuko wangu, nitangulie mvua.

Asubuhi ya msako wa mwisho walikuja wageni.

Walikuwa vijana wa mjini, wamefuata njia ya miguu kutoka barabara kuu, wana mapanga, na filimbi zimening'inia shingoni. Nilizijua filimbi zile kabla sijaziona. Mmoja alikuwa akichezea yake kwa meno. Walisema wametoka Kolwezi, wanapita vijijini kutafuta waliojificha. Walisema pia wana njaa. Mkubwa wao, kijana mnene mwenye kofia ya sufi katika joto lile, alitupitia mmoja mmoja kama daktari wa kampuni anayepima wafanyakazi wapya. Alipofika kwangu akasimama.

"Na huyu?"

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Hofu ilimtoa jibu lile lile la njiani, lilitoka lenyewe: "Mudogo yangu. Ni bubu."

Nilisikia mkuu wa msako akishusha pumzi. Kila mtu pale alijua maana ya jibu lile. Mimi nilikuwa na deni, siku ya kulipa ilikuwa leo, mahali pangu palikuwa katikati, na bubu hana mto wa kuita. Kama ningebaki kijijini, yule wa kofia angeuliza kwa nini kijana mzima anabaki na wanawake. Kama ningekimbia, wangejua. Kama ningenyamaza ndani ya mushitu, ningekuwa nyama. Kama ningeita, bubu angekuwa amesema, na bubu anayesema ana jambo la kuficha.

"Muzuri," alisema yule wa kofia. "Bubu atafukuza nyama kwa mikono. Siye tutakaa kwa mudomo. Tupe pinde."

Wakachukua pinde za watu walewale waliokuwa wananidai. Mkuu wa msako akajaribu kuwafundisha sheria ya kwanza. "Bana, nyama ikikuya, muiache ipite kwanza. Mugeuke, mupige nyuma."

"Ikipita si itakuwa imekimbia?"

"Iko na batu kule mbele."

"Tata, siye tunapiga kitu chenye kuonekana," alisema mwingine, na wenzake wakacheka.

Tulizunguka kwenda upande wa upepo. Shemeji alitembea kando yangu na midomo yake ilikuwa imekauka mpaka nyeupe. "Nifuate karibu," alininong'oneza. "Miye nitaita juu yetu wawili." Lakini mstari hauruhusu hivyo, mkuu wa msako alimweka pembeni kulia, mbali, kwa sababu naye alikuwa mmoja wa walionikopesha. Kisha akaja kwangu. Alinitazama, akafungua kinywa kama anayetaka kusema jambo refu, akasema tu, "Tembea chini chini." Akaenda mahali pake.

"Posti!"

Niliingia. Mushitu ulikuwa na giza la kijani na harufu ya majani yaliyooza. Matope yalinishika mpaka gotini, na kila nilipouvuta mguu yalitoa sauti kama ya mtu anayemeza. Pande zote mbili za mstari mito ilianza kuitwa: kaka wa shemeji aliita kijito cha kwa mama yake, mwingine akaita cha kwao, shemeji akaita cha kwake mara mbili, kwa haraka, sauti ikivunjika. Pengo lilikuwa mahali nilipokuwa mimi. Nililisikia pengo lile kwa masikio yangu mwenyewe. Mto, mto, kimya, mto.

Nilipiga vichaka kwa fimbo. Nilipiga kwa nguvu, nikitumaini kwamba kishindo kingetosha, nikajua papo hapo kwamba nilikuwa nafanya kile mnyama mkubwa hufanya. Mbele yangu kitu kilibweka kama mbwa. Pongo dume, swala yule wa msituni mwenye madoa, alikuwa amenisikia. Alikwenda mbele, akasimama, akarudi nusu. Alikuwa anatafuta mahali pasipo na kelele, na mahali hapo palikuwa mimi.

Alinikaribia kiasi cha kumgusa kabla hajageuka tena mbele. Niliona jicho lake. Sina maneno ya kulieleza jicho lile ila kwamba nililitambua.

Mshale wa kwanza ulipita majani juu ya bega langu ukaingia matopeni. Uliingia kimya, kama mtu anayechomeka kijiti bustanini. Nilisikia kaka wa shemeji akipiga kelele, "Nyuma! Mupige nyuma!" na kicheko kutoka mdomoni. Nilijilaza. Matope yakaingia kifuani. Nilipojaribu kujivuta kando, matete yote yaliyokuwa juu yangu yakatikisika, na nikasikia sauti ya yule wa kofia, wazi kabisa, karibu kuliko nilivyodhani:

"Pale! Inatikisika pale! Wote, pigeni!"

Sikuamua. Wanaosema kwamba mtu huamua katika saa kama ile hawajawahi kuwa ndani yake. Kinywa kilifunguka na kiangazi kizima kikatoka.

"Lualaba!"

Hakuna mto ulioitwa kushoto wala kulia. Hata pongo alinyamaza. Nilikuwa nimelala na shavu kwenye maji, bubu aliyesema, nikingoja filimbi.

Sauti iliyofuata ilitoka pembeni kabisa, upande wa kushoto. Ilikuwa ya mkuu wa msako, sauti ya mtu aliyezoea kupigia kelele mashine.

"Lualaba!"

Halafu ya kaka wa shemeji, aliyetukana mishale yangu: "Lualaba!" Halafu mwingine, na mwingine, watu ambao hawakuwahi kuuona mto huo, waliokunywa Lulua tangu kuzaliwa. Mstari mzima uliacha mito yake. Waliita wote kwa pamoja na kwa zamu, karibu na mbali, mpaka jina lile likawa halina mwenyewe, na mimi nikainuka kutoka matopeni nikaliita pamoja nao kwa machozi, nikatembea. Hakuna mshale mwingine uliokuja. Kwa wenye pinde, msitu mzima sasa ulikuwa watu.

Pongo dume aliwapita wageni wote bila jeraha. Jike aliyemfuata walimpiga mishale mibaya, na ilibidi mkuu wa msako ammalizie kwa mkuki.

Tulikutana mdomoni kugawana. Yule wa kofia hakuitazama nyama. "Juu ya nini mulikuwa munaita Lualaba?" aliuliza. "Lualaba iko mbali sana na hapa."

"Shi mumetoka ku Kolwezi?" mkuu wa msako akajibu, akipangusa kisu chake kwa majani. "Tulisema tufurahishe bageni. Tumewaitia mto yenu. Ao haikuwapendeza?"

Wenzake wakacheka, na mmoja akampiga begani. Yeye hakucheka. Alikuja taratibu mpaka mbele yangu. Nilikuwa nimejaa matope toka nywele hadi miguu, na ninamshukuru Mungu kwa matope yale, maana yalificha uso wangu kama kinyago. Akainama karibu na sikio langu, akasema kwa upole, kwa sauti ya ndugu:

"Moyo."

Kwa Kiswahili neno hilo ni kitu kilicho kifuani. Kwa lugha ya baba yangu ni salamu, na salamu hiyo haiachwi bila jibu. Mtoto hulijibu kabla hajajua kutembea. Nimelijibu usingizini. Nilihisi ulimi wangu ukiinuka wenyewe, nikaukandamiza kwa meno mpaka nikaonja damu, na macho yangu nikayaweka juu ya kitufe cha shati lake, kitufe cheupe kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Nikalegeza mdomo. Nikamtazama kama ng'ombe anavyotazama mvua.

Alingoja. Kisha akarudia, akitabasamu: "Moyo, mwana wetu."

Nyuma yake shemeji alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Kaka yake alikuwa amesogea upande wa mapanga ya wageni. Niliona kwamba kama ningejibu, watu hawa wangekufa kwa ajili yangu, hapa, siku niliyokuja kuwalipa.

Sikujibu.

"Bubu kweli," alisema hatimaye, akageuka. "Tupe mapaja yote mbili."

Walipewa mapaja, na mgongo juu yake, wakaenda na njia waliyojia. Tuliwasikiliza mpaka filimbi ya yule mwenye kuichezea ikapotea. Mimi nilikaa chini, na magoti yangu yakaanza kutetemeka yenyewe, yakipigana kama watoto, nikashindwa kuyashika. Mkuu wa msako aliyaona. Hakuniambia kwamba hapa ni karieri.

Kisha wakafanya kile kinachofanywa baada ya msako wa mwisho. Kila aliyenikopesha miguu alikuja mmoja mmoja na kunigusa goti, kuonyesha kwamba amelipwa. Waligusa juu ya tetemeko lile lile. Shemeji alikuja, akashindwa kuondoa mkono wake. Kaka yake alikuja wa mwisho, akagusa, akakuna kichwa.

"Miguu imelipwa," alisema. "Lakini leo tumemukopesha na koo. Koo yangu inauma. Ile atalipa namna gani, na kesho anaenda?"

Watu wakamtazama mkuu wa msako, maana ndiye aliyekata mambo kama hayo. Alikuwa akifunga viatu vyake vya chuma.

"Miguu ndiyo inakopeshwa," alisema bila kuinua kichwa. "Sauti haikopeshwe."